Mhadhiri wa uhandisi hufanya nini mwaka mzima? Tumfuate na swali moja la nondo

Ukisoma ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa mhadhiri wa uhandisi, unaweza kumwonea wivu. Kozi mbili, kila moja saa tatu au nne kwa wiki. Jumla haifiki hata saa kumi. Halafu kuna ile "likizo ndefu" ya katikati ya mwaka. Ndiyo maana swali hili tunaulizwa sana na ndugu, majirani na hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza: hivi huyu mtu muda wote uliobaki anafanya nini?

Sisi wanafunzi wa uzamili tumekaa mahali pazuri pa kujibu. Asubuhi tunafundishwa, mchana tunasaidia kusimamia maabara na semina za shahada ya kwanza. Tunamwona mhadhiri kwa mbele na kwa nyuma. Leo basi tuupitie mwaka wake, kwa mfano wa uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu cha Tanzania.

Tukikupa orodha ya majukumu tu utachoka kabla ya aya ya tatu. Kwa hiyo tutachukua swali moja la kihandisi na kulifuata kuanzia Novemba mpaka Oktoba, tuone linapita mikononi mwa mhadhiri mara ngapi.

Swali lenyewe

Fikiria roshani, au balkoni kama wengi tunavyoiita. Ni bamba la zege linalochomoza nje ya ukuta wa ghorofa, na kwa mbele halina nguzo. Ndani yake kuna nondo. Je, nondo kuu ziwekwe karibu na uso wa juu wa bamba, au karibu na uso wa chini?

Usisome mbele kwanza. Chagua jibu lako.

Wengi husema chini, na wana sababu. Wameona mafundi wakisuka slabu ya kawaida, nondo zikiwa zimelala chini juu ya biskuti zake. Kwa slabu iliyokalia kuta mbili, wako sahihi kabisa. Kwa roshani, hapana.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe nyumbani. Tafuta kipande kirefu cha sponji ya godoro, chora ubavuni mistari ya wima yenye nafasi sawa. Bana ncha moja mezani kwa kitabu kizito, ncha nyingine iachie hewani, kisha ibonyeze kwa kidole. Mistari itaachana upande wa juu na kusogeleana upande wa chini. Yaani juu panavutwa, chini panabanwa. Sasa ilaze sponji hiyohiyo juu ya vitabu viwili, kimoja kila ncha, na ubonyeze katikati. Mambo yanageuka: chini ndipo panapovutwa.

Zege likibanwa ni imara sana, lakini likivutwa ni dhaifu. Uwezo wake wa kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kubanwa. Nondo zimewekwa ili zifanye kazi ambayo zege haliwezi, kwa hiyo zinatakiwa zikae pale panapovutwa. Kwenye roshani, ni juu.

Tuweke namba kidogo. Tuseme bamba lina unene wa milimita 150, nondo zina kipenyo cha milimita 12, na zege linalozifunika kwa juu ni milimita 25. Kutoka uso wa chini mpaka katikati ya nondo ni 150 toa 25 toa 6, yaani milimita 119. Kwa hesabu ya haraka, uwezo wa roshani kubeba mzigo unategemea umbali huo. Siku ya kumwaga zege vibarua wakazikanyaga nondo, zikashuka milimita 40. Umbali unabaki 79. Theluthi moja ya uwezo imekwenda, na hakuna aliyeiba hata kilo moja ya nondo! Zikiwekwa upande wa chini kabisa, umbali unabaki milimita 31, na uwezo haufiki hata theluthi ya ule uliokusudiwa.

Sasa ongeza plasta na rangi. Ukiwa barabarani, roshani sahihi na roshani ya hatari zinafanana kama mapacha.

Jiko la mkaa na maana ya mrejesho

Kabla hatujaanza safari ya mwaka, kuna dhana moja tunaihitaji.

Umewahi kupika wali kwa jiko la mkaa? Unaona moto hafifu, unaongeza mkaa. Haushiki papo hapo, unaongeza tena na kupepea. Baada ya dakika kumi mkaa wote umeshika kwa pamoja, na harufu ya kuungua inakufuata mpaka sebuleni. Ukipika kwa gesi tabu hii haipo. Unaona mwali ni mkubwa, unazungusha kitufe, umeisha. Tofauti ni muda unaopita kati ya kutenda na kuona matokeo ya ulichotenda.

Wahandisi huuita mpangilio huu mzunguko wa mrejesho: unatenda, unapima, unarekebisha. Mrejesho ukiwa wa haraka, hata mpishi wa kawaida anapika vizuri. Ukichelewa, hata mpishi hodari anarekebisha kosa ambalo limeshapita, na mara nyingine anazidisha uharibifu.

Zege lenyewe lina tabia ya jiko la mkaa. Ili kujua uimara wake, mafundi hujaza vibumba vya mchemraba vyenye milimita 150 kila upande, huvihifadhi kwenye maji na kuvivunja kwa mashine baada ya siku 28. Uso wa mchemraba huo una milimita za mraba 22,500. Zege la daraja la 25 linatakiwa kustahimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, kwa hiyo mchemraba mmoja unatakiwa uhimili nyutoni 562,500. Ni kama kuukalisha chini ya mzigo wa tani 57. Ukifaulu, vizuri. Je, usipofaulu? Siku 28 zimepita na ghorofa ya juu yake imeshamwagwa.

Ndiyo maana mingine huvunjwa siku ya saba. Kwa saruji ya kawaida, wakati huo zege huwa limefikia takriban theluthi mbili ya uimara wa siku 28. Ni taarifa isiyo kamili, lakini imefika wakati bado kuna la kufanya.

Shika hapo, kwa sababu kazi ya mhadhiri wa uhandisi inafanana na hiyo. Kuongea mbele ya ubao ni sehemu tu ya kazi. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kosa la mwanafunzi linaonekana na kumrudia mapema, wakati bado liko kwenye karatasi. Mwaka mzima anaendesha mizunguko ya mrejesho, mingine ya sekunde, mingine ya miezi, mingine ya miaka.

Novemba: mzunguko wa sekunde

Kalenda za vyuo husogeasogea, lakini kwa kawaida mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Mhadhiri wetu anaingia darasani na kuuliza: "Nani anasema nondo za roshani ziwe chini?" Mikono inanyooshwa. "Nani anasema juu?" Mikono mingine, michache.

Hajibu. Anatoa kipande cha sponji mfukoni.

Huu ndio mrejesho wa haraka kuliko wote. Ndani ya sekunde chache mhadhiri amejua nusu ya darasa linaamini nini, na mwanafunzi amejua kwamba anachokiamini kina walakini. Kwa darasa la watu 30, mhadhiri anaona hata nani amenyoosha mkono kwa kuangalia jirani yake. Kwa ukumbi wa watu 200, wa nyuma hawaioni sponji na yeye hawaoni wao.

Ile saa moja ya darasani nayo haikutoka hewani. Kwa kozi mpya, saa moja ya kufundisha hula saa kadhaa za maandalizi: kuchagua mifano, kuifanyia hesabu, kuchora michoro, kuandaa maswali ya semina. Kwa kozi ya zamani maandalizi hupungua lakini hayaishi, maana viwango vya usanifu hubadilika.

Desemba na Januari: mzunguko wa wiki

Maabara inahitaji hesabu za kurudi nyuma. Ukitaka wanafunzi wavunje boriti za zege Januari mwishoni, lazima wazimwage Desemba, ili siku 28 zitimie. Katikati hapo kuna Krismasi na Mwaka Mpya. Nani atahakikisha tangi la kuhifadhia zege lina maji? Hapo mhadhiri na fundi sanifu wa maabara wanapanga zamu mapema, la sivyo zoezi limeharibika.

Zoezi zuri kwa swali letu ni rahisi. Kila kundi linamwaga boriti mbili ndogo, zege lilelile, nondo ilezile. Kwenye moja nondo inakaa chini, kwenye nyingine inakaa juu. Zote mbili zinakalishwa kwenye mashine zikiwa zimeshikwa ncha zote mbili na kubonyezwa katikati. Ile ya kwanza, nondo ikiwa upande unaovutwa, inaanza kupinda, nyufa nyembamba zinatokea chini na kufunguka taratibu. Inakupa taarifa kabla ya kushindwa. Ile ya pili inakatika ghafla kama muhogo mkavu, na kwa mzigo mdogo zaidi. Mwanafunzi aliyeshuhudia hilo kwa macho hasahau upesi nondo zinakaa upande gani.

Halafu zinakuja ripoti. Tufanye hesabu ya mfano. Darasa la watu 120, kila mmoja ripoti yake, dakika 10 kwa ripoti. Hizo ni dakika 1,200, sawa na saa 20. Mazoezi matatu kwa muhula ni saa 60. Majaribio mawili, dakika 12 kwa kila karatasi, ni saa 48. Mtihani wa mwisho, dakika 20 kwa kijitabu, ni saa 40. Jumla ni saa 148 kwa kozi moja. Kwa kozi mbili ni saa 296, yaani zaidi ya wiki saba za kazi za saa 40 kila moja, kusahihisha tu, ndani ya muhula wa takriban wiki 15.

Umeona sasa zile saa "zilizobaki" zinakwenda wapi?

Februari: karatasi na alama

Mtihani wa mwisho wa muhula huanza kuandaliwa wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Mhadhiri anaandika maswali pamoja na majibu na mgawanyo wa alama. Mwenzake anayapitia: je, swali linaeleweka, muda unatosha, namba zinatoa jibu la akili? Baadaye mtahini wa nje, yaani mwalimu kutoka chuo kingine, atapitia maswali na vijitabu vilivyosahihishwa ili kuona kama haki imetendeka.

Mgawanyo uliozoeleka kwenye vyuo vyetu ni alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Hapa ndipo swali letu la roshani linapomkosesha mhadhiri usingizi.

Chukua mwanafunzi aliyepiga hesabu zote sawasawa. Mzigo sahihi, nguvu ya kupinda sahihi, eneo la nondo sahihi, idadi na kipenyo sahihi. Mwishoni anachora mchoro, nondo anaziweka chini. Swali lina alama 10. Utampa ngapi?

Ukifuata mgawanyo wa kawaida, anapata 8, pengine 9, maana mchoro una alama mbili tu. Kwenye eneo la ujenzi, mchoro ule ni sifuri, tena sifuri yenye watu juu yake. Kuna wahadhiri wanaosema mtihani unapima hatua, na huwezi kumnyima mtu alama za hatua alizopata. Wengine huandika mapema kabisa kwenye mgawanyo wao kwamba nondo zikiwa upande usio sahihi, nusu ya alama za swali zinaondoka. Pande zote mbili zina hoja. Hesabu anaweza kuirudia mwingine ofisini, lakini mchoro ndio unaoshuka kwa fundi, na fundi atasuka alichochorewa.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wengi hatulitazami. Jaribio la katikati ya muhula hurudishwa, ukaona wapi umekosea. Kijitabu cha mtihani wa mwisho kwa kawaida hakirudi. Mwanafunzi anaona herufi tu, labda B. Hajui kama alichokosa ni hesabu ya kugawanya au ni upande wa nondo. Kwa hiyo zile alama 60, zenye uzito mkubwa kuliko zote, ndizo zenye mrejesho mdogo kuliko wote. Kazi ya kumfundisha mtu kutokana na makosa yake imebebwa na zile 40.

Machi mpaka Juni: mhadhiri mmoja, kofia tano

Muhula wa pili unakuja na kozi nyingine na mzunguko uleule, lakini sasa kazi nyingine zimepamba moto.

Wanafunzi wa mwaka wa nne wanamalizia miradi yao. Kila mhadhiri ana wanafunzi kadhaa anaokutana nao mmoja mmoja. Huu ni mrejesho wa thamani kubwa, kwa sababu hapa hakuna mahali pa kujificha. "Kwa nini umechagua unene huu?" Ukijibu "programu ya kompyuta ndiyo iliyotoa," utaulizwa: "Na wewe umetoa nini?" Programu haikatai swali bovu. Ukiiambia kwamba roshani imeshikwa pande mbili wakati imeshikwa upande mmoja, itakupangia nondo za chini kwa unadhifu kabisa.

Halafu tupo sisi wa uzamili na wa uzamivu, na rasimu zetu za kurasa 80 zinazosubiri kusomwa. Kuna utafiti wa mhadhiri mwenyewe, maana ngazi ya mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki mpaka profesa hupandwa zaidi kwa machapisho. Makala ya utafiti nayo ina mrejesho wake: unaituma kwenye jarida, miezi inapita, inarudi na maoni ya wasomaji wawili wasiokubaliana.

Kuna ushauri wa kitaalamu pia. Maabara za uhandisi za vyuo hupokea michemraba ya zege na sampuli za udongo kutoka kwa makandarasi. Wengine huliona hili kama biashara ya pembeni tu, lakini lina faida darasani. Mhadhiri aliyeshika kwa mkono wake zege lililofeli, kwa sababu mtu aliongeza ndoo mbili za maji ili lilainike, anafundisha uwiano wa maji na saruji tofauti na aliyesoma tu. Mwisho kuna vikao: vya idara, vya mitihani, vya kupitia mtaala ili ukidhi matakwa ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vikao havina sponji wala mashine ya kuvunjia boriti, lakini ndipo inapoamuliwa kama maabara itapata mashine mpya au darasa litaongezwa wanafunzi.

Julai mpaka Oktoba: ile "likizo"

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mpaka leo mhandisi hapikwi darasani peke yake. Mwisho wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, wanafunzi huenda kwenye mafunzo kwa vitendo, maarufu kama PT, kwa wiki nane hivi. Wanasambaa nchi nzima, kwenye barabara, majengo, miradi ya maji. Na mhadhiri anawafuata huko kuwakagua.

Kila mwanafunzi ana daftari la kazi za kila siku. Mhadhiri anafika eneo la ujenzi, kofia ngumu kichwani, buti limejaa vumbi, na mazungumzo huwa namna hii:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeandika hapa mmemwaga zege la roshani ghorofa ya pili, kazi imeenda vizuri. Toroli zilipita wapi?"

"Juu ya nondo, mwalimu."

"Nani aliziinua baada ya hapo?"

"Fundi alisema zege likijaa zitaelea zenyewe."

"Nondo ni nzito kuliko zege zaidi ya mara tatu. Itaelea vipi?"

Kimya. Halafu wote wawili wanakwenda kumtafuta fundi, siyo kumgombeza, bali kuonyeshana namna ya kuweka vigoda vya nondo vya kushikilia zile za juu, na kutandika mbao za kupitishia toroli zisikanyage nondo.

Angalia kilichotokea hapo. Mwanafunzi huyu alipata A kwenye jaribio la Januari. Anajua nondo zinakaa juu, na mchoro ulikuwa sahihi. Alichokuwa hakijui ni kwamba nondo zilizowekwa juu saa mbili asubuhi zinaweza kuwa chini saa sita mchana. Hilo halimo kwenye mtihani wowote. Linapatikana kwenye eneo la ujenzi, mbele ya mtu anayejua cha kuuliza.

Akirudi kutoka mikoani, mhadhiri anasoma ripoti za PT, anatunga na kusahihisha mitihani ya sapu, anamalizia makala ya utafiti iliyokwama tangu Aprili, na kuandaa kozi za Novemba. Ukimkuta na muda wa kupumua hapo katikati, mwache apumue.

Mzunguko mrefu kuliko yote

Kuhitimu si mwisho. Kwa utaratibu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, mhitimu huanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi takriban miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Ni duara jingine la mrejesho, safari hii mhadhiri hayupo.

Baada ya hapo jengo lenyewe ndilo linalosahihisha. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne likaporomoka Kariakoo, na watu wakafa tena. Hatusemi kwamba mojawapo ni habari ya nondo za roshani. Majengo huanguka kwa mchanganyiko wa sababu, na nyingi ziko nje kabisa ya darasa: vibali, tamaa, ukaguzi usiofanyika. Tunasema tu kwamba huu ni mrejesho uliochelewa kuliko yote. Ukifika, wa kurekebisha hayupo tena.

Duara fupi za Novemba na Januari zipo ili kosa lisisafiri mpaka huko.

Kwa nini idadi ni suala la uhandisi

Rudi kwenye hesabu yetu ya kusahihisha. Darasa likipanda kutoka 120 hadi 240 na mhadhiri akabaki mmoja, saa 296 zinakuwa 592. Muhula hauna saa hizo. Kwa hiyo kitu lazima kiachie. Dakika 10 za ripoti zinakuwa tano, na dakika tano zinatosha kuweka alama ya kosa bila kueleza kwa nini ni kosa. Au ripoti inakuwa ya kundi la watu 12, anaandika mmoja. Au majaribio yanarudi baada ya mtihani wa mwisho, kama mkaa ulioshika wakati wali umeshaungua. Hakuna aliyefanya uvivu, na matokeo ya mwisho wa mwaka yanaweza kupendeza vilevile. Kilichopungua hakionekani, kama milimita 40 ndani ya zege.

Yapo yanayosaidia bila kusubiri bajeti kubwa. Jaribio la dakika kumi linalosahihishwa palepale darasani kwa kubadilishana karatasi linafanya kazi ya ule mchemraba wa siku ya saba: si kamili, lakini linawahi. Majibu ya mtihani wa mwisho yenye maelezo ya makosa yaliyojirudia, yakibandikwa baada ya matokeo, yanarudisha sehemu ya mrejesho wa zile alama 60. Dakika tano za maswali ya mdomo kwa kila kundi la maabara zinafichua mengi kuliko ripoti ya kurasa 15 iliyonakiliwa. Na wasaidizi wa kutosha wa semina ni sehemu ya mtambo wenyewe.

Na wewe msomaji una nafasi yako. Kama ni mwanafunzi, jaribio likirudishwa usiangalie alama tu na kulikunja. Tafuta kila msitari mwekundu, ukishindwa kuuelewa gonga mlango wa mhadhiri au tufuate sisi wa semina. Kama ni mzazi unayemtafutia mtoto chuo cha uhandisi, pamoja na ada uliza maabara inafanya kazi siku ngapi kwa wiki, na ripoti hurudishwa baada ya muda gani. Na kama unajenga nyumba yenye roshani, siku ya kumwaga zege fika mapema na futi yako mkononi. Pima nondo za juu ziko wapi kabla ya toroli ya kwanza kupita, kisha pima tena zikiwa zimeshapita kadhaa. Zikishuka, simamisha kazi kwa dakika kumi ziinuliwe. Kesho yake zege likiwa limeshika, hata profesa hawezi kuzifikia.